Idara ya Majina Salama na Mjukuu Wangu Kwinini

Nchi ninayoieleza ina jina, na jina lenyewe ni zuri. Sitaliandika hapa kwa sababu moja tu: sijapata kibali. Tangu Idara ya Majina Salama ilipoanzishwa, raia mwenye adabu haandiki jina lolote kabla halijapitiwa, nami nilisomeshwa katika zama ambazo adabu ilikuwa somo, likifundishwa kabla ya hesabu na kutahiniwa kwa fimbo. Msomaji aniwie radhi. Akidhani ameitambua nchi hiyo, abaki na dhana yake kifuani; dhana bado haijawekewa fomu.

Chanzo cha Idara ni cha heshima kabisa. Serikali ilikuwa imefungua Duka Kuu la Programu, duka pekee ambalo simu za nchi hiyo zinaruhusiwa kulifungua, na katika Duka hilo ikaonekana programu yenye jina la jani fulani ambalo vijana hulivuta wakikosa kazi. Bunge lilijadili jambo hilo kwa wiki mbili. Vijana hawakujadiliwa, wala kazi, wala jani. Mbunge mmoja alisimama na kueleza kwa machozi kwamba katika maisha yake yote hajawahi kumwona mtu aliyelewa kitu kisicho na jina. Ukumbi ulitetemeka kwa makofi. Hivyo ikathibitika kwamba ulevi huingia mwilini kupitia jina, na Kanuni ya Arobaini na Moja ikapitishwa: *Jina lolote litakaloonekana Dukani lisitaje, lisidokeze, wala lisikumbushe dawa yoyote, iwe ya kulevya, ya kutibu au ya kupaka.*

Matunda yalionekana upesi. Kulikuwa na nyumba ya kuwahudumia waraibu, nayo ilikuwa na programu iliyoitwa "Acha Heroini". Idara ikaamuru neno la pili liondolewe, ikabaki "Acha". Wizara ya Kazi ikalalamika kwamba neno hilo, likisomwa na wafanyakazi asubuhi, laweza kuleta mgomo. Wenye nyumba wakafikiri sana, wakapeleka jina "Endelea". Likakubaliwa ndani ya saa moja na kutunukiwa cheti. Hadi leo kijana wa nchi ile anayetaka kuacha heroini huelekezwa afungue "Endelea".

Lililoshinda tuzo ya Jina Safi la Mwaka, hata hivyo, lilikuwa "Asali ya Bibi", programu ambayo waendesha pikipiki wake humletea mteja mlangoni, kwa dakika ishirini, unga mweupe ambao hakuna nyuki aliyewahi kuutengeneza. Idara ilipoulizwa ilijibu, kwa haki kabisa, kwamba yenyewe hushughulikia majina. Yaliyomo ndani ni kazi ya idara nyingine, ambayo bado haijaanzishwa.

Mimi sikuwa na ugomvi na lolote kati ya hayo. Nilikuwa stesheni masta mstaafu katika Wilaya ya Ng'ambo, na stesheni masta hafundishwi kugombana. Hufundishwa kuangalia saa.

*

Yapasa nieleze desturi yetu ya majina, maana wageni huicheka.

Kwetu Ng'ambo mtoto hapewi jina la kupendeza. Hupewa jina la kile kilichosimama kati ya mama yake na kaburi siku ya uzazi. Mimi naitwa Machela, kwa kuwa mama yangu alivushwa mto uliofurika akiwa juu ya machela, wanaume wanne wamezama hadi shingoni. Mke wangu anaitwa Kandili, kwa kuwa mkunga wake hakuwa na kitu kingine chochote isipokuwa kandili na mikono miwili. Mwana wetu wa kwanza ni Baiskeli. Watu wa mji mkuu wakilisikia jina hilo huinama kwa kicheko. Baiskeli ni fundi mkuu wa mitambo ya maji wilayani, na wao wakikosa maji huacha kucheka na kumtafuta kwa jina hilo hilo.

Mke wa Baiskeli alishikwa na malaria kali akiwa na mimba ya miezi minane. Nilisimama nje ya dirisha la zahanati nikiitazama chupa ya kwinini iliyotundikwa kwenye msumari, nikahesabu matone hadi nikachanganya hesabu, jambo ambalo halijanitokea kabla wala baada ya siku hiyo. Alfajiri mama alikuwa hai na mtoto analia. Nikatoa jina mimi mwenyewe: Kwinini. Jina la kwetu si pambo. Ni shukrani inayotembea.

Sheria ya zamani ya nchi, iliyotungwa na watu waliokuwa na muda wa kufikiri, iliilinda desturi hii. Msajili wa vizazi huandika jina kama mzazi alivyolitamka, kwa wino, asiongeze wala kupunguza. Na kila Siku ya Taifa, katika kila wilaya, mgeni rasmi husoma kwa sauti mbele ya umma jina la kila mtoto aliyezaliwa mwaka huo, na mzazi hujibu "Yupo!" Mpaka jina la mwisho lisomwe na kuitikiwa, bendera haishushwi. Sheria hiyo haijafutwa kwa sababu hakuna mtu katika Idara anayekumbuka kwamba iko. Naomba msomaji aikumbuke.

*

Kwinini alikua, akasomea ufamasia na kompyuta, akarudi kufanya kazi katika zahanati yetu. Alikuta jambo la aibu. Wilaya ina zahanati tisa, na dawa huwa zipo, ila hakuna ajuaye ziko katika ipi. Bibi yake ana kisukari, na bila insulini hamalizi wiki. Safari moja Bi Kandili alizunguka zahanati tatu kwa siku mbili, kila rafu tupu, akaanguka njiani. Walimrudisha nyumbani juu ya machela. Nikasimama mlangoni nikaona jina langu limekuja kunichukulia mke.

Alipona. Kwinini hakulia, aliketi mbele ya kompyuta wiki tano, akatengeneza programu. Kila asubuhi mhudumu wa kila zahanati aliandika kilichopo kwenye rafu yake, na mgonjwa aliifungua simu na kuona aende wapi kabla hajavaa viatu. Hakuwa ameipa jina. Watu ndio waliosema, "Muulize Kwinini," na jina likakaa. Mkaguzi mmoja mgeni kazini aliipitisha bila kujua, na kwa miezi saba wagonjwa elfu nne wa Ng'ambo walitembea kuelekea mahali ambako dawa ilikuwepo.

Kisha barua ikaja.

*Ndugu Mtengenezaji,* ilisema, *Idara imebaini kwa masikitiko kwamba programu yako ina jina linalokumbusha kitu ambacho Idara haiwezi kukitaja katika barua hii, kwa kuwa barua hii nayo iko chini ya Kanuni. Unapewa siku kumi na nne kuliondoa jina hilo. Endapo ungependa kujua ni jina gani, fika ofisini.*

Niliisoma mara mbili, nikaiweka mezani na kuibana kwa kikombe.

"Jina halibadilishwi," nikasema.

"Baba Baiskeli," akasema Bi Kandili, "hujaulizwa."

"Nimesema halibadilishwi."

"Na mimi nimesikia, sina uziwi. Hilo jina lako likishakataa kubadilishwa, litaingia kwenye bomba la sindano? Chupa imebaki moja na nusu." Akamgeukia mjukuu wake. "Mke mwenzangu, nisikilize mimi, huyu mume wetu mwache na ukali wake. Libadilishe. Iite hata Kisigino."

"Kisigino watasema nakumbusha dawa ya magaga, Bibi."

"Basi iite Kidole."

"Kuna dawa ya fangasi."

Wakacheka wote wawili, mimi nikiwa nimenyooka kitini kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kisha Kwinini akaacha kucheka. "Babu, nitaibadilisha. Ile programu ni ya wagonjwa. Jina langu mimi ninalo mwilini, hakuna anayeweza kulifuta Dukani."

Siku ya tatu nikapiga pasi suti yangu ili nimsindikize.

*

Makao ya Idara yana ghorofa tisa. Ghorofa ya kwanza hupokea majina, ya pili hupokea malalamiko juu ya ya kwanza, na kuanzia hapo nilipoteza mpangilio. Dirishani tulimkuta mama mmoja mwenye uso wa upole.

"Jina la mwombaji?"

"Kwinini Baiskeli Machela."

Yule mama akaweka kalamu chini, akatazama huku na huku. "Dada, usiseme."

"Umeniuliza, mama."

"Nimekuuliza, ndiyo. Lakini usijibu hivyo."

Tukapandishwa moja kwa moja hadi ghorofa ya tisa, kwa Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Fumbuka Lyandala. Nilimzidi miaka ishirini na zaidi. Hakunipa shikamoo. Nikamwitikia "Marahaba" hata hivyo, ili isipotee.

Nyuma ya kiti chake lilisimama sefu la chuma lenye kufuli tatu.

"Mheshimiwa," Kwinini akasema, "nimekubali kubadilisha jina. Ninaomba tu kuiona orodha ya majina yaliyokatazwa, ili jipya nililoleta lisiwemo."

"Orodha haionyeshwi, binti. Imejaa majina ya dawa. Kuionyesha ni kuvunja Kanuni."

"Wakaguzi wako wanaijuaje?"

"Kila Januari huisoma kwa robo saa, kisha hula kiapo cha kuisahau."

"Na wakiisahau kweli?"

"Hupandishwa cheo," akasema Mheshimiwa, na nilitambua kutokana na ukubwa wa ofisi kwamba yeye alikuwa amesahau vizuri kuliko wote.

Kwinini akatoa karatasi. Jina jipya lilikuwa "Rafu". Mkurugenzi akalisoma, akalinusa, akampa msaidizi wake, msaidizi akatikisa kichwa kukubali. Wakaguzi waliokuwa wamejipanga ukutani wakapiga makofi. Mkurugenzi akanyanyua muhuri, na nikiri kwamba mkono wangu ulikuwa umeanza kulegea juu ya goti, kwa kuwa chupa nyumbani ilikuwa imebaki moja. Muhuri ukasimama hewani.

"Hapa chini," akasema. "Chini ya jina la programu huandikwa jina la mtengenezaji. Hilo nalo huonekana Dukani. Na jina lako wewe, binti, ni..." Akalifunika jina kwa kidole. "Ni hicho kitu."

"Ni jina langu."

Mkurugenzi akasimama, kwa kuwa hotuba zake zilihitaji urefu. "Taifa," akasema, "ni kama nyumba. Haiwezekani tukafunga mlango kwa komeo, tukaziba na dirisha, halafu adui akaingia akiwa amevaa gauni na kubeba kitambulisho! Wazazi wametukabidhi vijana wao. Je, niwaeleze nini wazazi hao, siku kijana atakapofungua simu kutafuta rafu na kukutana na... na Bi Hicho Kitu?" Wakapiga makofi tena. Akaketi, akafungua mtoto wa meza na kutoa Fomu ya Tisa, Kukana Jina.

Fomu ilikuwa fupi. Mwombaji huchagua jina kati ya yaliyoidhinishwa. Siku hiyo yalikuwepo Raha Shwari, Amani Tele, na Furaha ya Nne, kwa sababu Furaha tatu za kwanza zilikwisha chukuliwa. Kisha huapa kwamba jina la awali alipewa kwa makosa. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya yule aliyempa jina, athibitishe kwamba alikosea.

"Mzee ndiye uliyempa?" Mkurugenzi akaniuliza.

"Ndiye mimi."

Akanisogezea kalamu. Ilikuwa kalamu nzuri, ya kofia ya dhahabu.

Kwinini alinitazama. Hakunionyesha kwa jicho nifanye nini, maana nilimlea mwenyewe. Nikaiona ile chupa ya msumarini, na ile iliyobaki nyumbani. Sijawahi kushika kitu kizito kama ile kalamu, nami nimewahi kubeba mataruma ya reli.

"Mheshimiwa," nikasema, "nimekuwa stesheni masta miaka thelathini na minne. Nimesaini maelfu ya karatasi. Sijawahi kusaini kwamba treni haikufika huku abiria wake wamesimama mbele yangu."

Nikairudisha kalamu, kofia yake ikiwa imefungwa.

"Binti, babu yako ni mzee," akasema Mkurugenzi. "Wewe je? Utakubali wagonjwa wako wakose huduma kwa ajili ya jina?"

"Nilikubali programu ibadilishwe kwa ajili ya wagonjwa," Kwinini akajibu. "Hili la pili halimtibu mtu. Naomba karatasi yangu." Akaichukua ile yenye "Rafu" na kuikunja mara nne. "Programu ni Kwinini, mtengenezaji ni Kwinini, na kwetu akiitwa Kwinini huitika mimi."

"Basi itafutwa kesho saa sita."

Ilifutwa saa tano na dakika hamsini na nane. Idara haichelewi inapofuta.

*

Nilirudi nyumbani nikitarajia vita. Bi Kandili alitusikiliza hadi mwisho, akafunga fundo la kanga.

"Walitaka usaini kwamba ulikosea?"

"Ndiyo."

"Siku ya yale matone mimi nilikuwa ndani, nimemshika mkwe wangu kichwa. Ungesaini, Baba Baiskeli, leo ungelala kwa mwanao." Akalikaza lile fundo. "Haya. Sasa niambieni, insulini iko wapi?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumerudi pale pale tulipokuwa siku ya machela.

Asubuhi nililifungua sanduku langu la bati nikatoa daftari la stesheni. Katika zama zangu reli yetu ilikuwa moja na stesheni tisa, na treni haikusogea hata inchi kabla stesheni masta hajaipigia simu stesheni ya mbele kuomba njia. Aliyepigiwa alijibu, aliyepiga akarudia jibu neno kwa neno, na wote wawili wakaandika saa na dakika. Hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na masikio, wino, na hofu ya kuua watu. Kwa miaka thelathini na minne treni mbili hazikukutana.

Nikamwonyesha Kwinini. "Stesheni tisa," nikasema. "Zahanati ngapi?"

Akalitazama daftari, akanitazama mimi. "Babu, miezi yote hii ulikuwa umelifungia sandukuni?"

"Hukuniuliza."

Tukaanza siku ile ile. Saa moja kamili asubuhi Zahanati ya Kwanza huipigia ya Pili na kuitajia rafu yake. Ya Pili hurudia neno kwa neno, huongeza yake, huipigia ya Tatu. Saa mbili kasorobo Zahanati ya Tisa huipigia ya Kwanza na kuisomea wilaya nzima, na orodha hurudi kwa njia ile ile iliyopitia. Kila mhudumu huiandika kwa chaki kwenye ubao mlangoni. Haikuhitaji Duka. Haikuhitaji hata simu ya maana. Zile za vitufe, zenye tochi, zilitosha. Kwinini aliwapanga wahudumu na kurekebisha majina ya dawa. Mimi nilishika saa.

"Zahanati ya Saba, umechelewa dakika mbili."

"Mzee Machela, nilikuwa nazalisha!"

"Mama na mtoto wana neno?"

"Wazima wote wawili."

"Vizuri. Andika sababu ya kuchelewa, kisha soma rafu."

Waliniita Treni nyuma ya mgongo wangu. Siku ya tatu, mhudumu wa Zahanati ya Tisa, bwana mmoja mvivu ambaye nilikwisha kumkaripia mara mbili, akasoma kwa sauti ya usingizi: "...panadoli, ndiyo, dawa ya minyoo, ndiyo, insulini, chupa sita." Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba tena, ingawa utaratibu hauruhusu. Bi Kandili alikuwa amebakiza sindano mbili. Baiskeli alipanda baiskeli, na saa tisa alasiri chupa nne zilikuwa ndani ya mtungi uliolowanishwa, zikipoa kando ya ule wa maji ya kunywa. Mbili nilizikataa zisichukuliwe. Wilaya ina wagonjwa wengine.

Zile mbao za mlangoni hatukuzipa jina. Watu waliziita Kwinini. Mjamzito akishikwa na homa, au mzazi akitokwa na damu, jamaa zake walikimbilia ubao, na utasikia barabarani, "Kwinini anasema iko ya Tano! Haraka, ya Tano!" Na wanawake ambao mwaka uliopita wangezikwa, walifika.

*

Idara ikapata habari. Ikatuma mkaguzi, kijana mwenye suti iliyombana na chombo cha kunusa programu zisizosajiliwa. Alikizungusha juu ya ubao, juu ya chaki, juu ya kofia yangu. Chombo hakikulia.

"Mzee, mnatumia programu ipi?"

"Hatuna programu, mwanangu."

"Lakini habari zinasafiri. Zinasafiri kwa kitu gani?"

"Kwa mdomo."

Akaandika: *Mdomo*. "Mtengenezaji?"

"Mwenyezi Mungu."

"Amesajiliwa wapi?"

"Wewe mtoto," Bi Kandili akamwita kutoka jikoni, "kabla hujaingia huko usikoweza kutoka, njoo unywe uji."

Akanywa vikombe viwili. Alipokuwa akifunga mkoba wake aliinama karibu na Bi Kandili, akauliza kwa sauti ndogo kama angejua mahali penye dawa ya shinikizo la damu, kwa kuwa mama yake alikuwa ameikosa mwezi mzima.

"Ya Nne," Bi Kandili akasema. "Mwambie awahi, zimebaki kidogo."

Hilo hakuliandika.

*

Miezi kumi na mmoja ikapita, Siku ya Taifa ikafika. Kwa kuwa Ng'ambo ilikwisha julikana kama wilaya yenye ukaidi, serikali ilituletea mgeni rasmi wa kutunyoosha: Mheshimiwa Fumbuka Lyandala. Redio ya Taifa ilikuja kurusha moja kwa moja. Uwanja ulijaa. Alitoa hotuba ya saa moja juu ya usafi wa majina, tukaisikiliza kwa heshima, wengine wakilala kwa heshima. Kisha msajili wa vizazi, mzee mwenzangu, akapanda jukwaani na kitabu kikubwa, akakiweka mbele yake kikiwa kimefunguliwa.

Mkurugenzi hakujua. Alidhani ni kitabu cha wageni. Mkuu wa Wilaya akamnong'oneza ile sheria, akimwonyesha mlingoti kwa kidole. Mheshimiwa akatabasamu, akavaa miwani. Kusoma majina ilikuwa fani yake.

"Jirani Mashaka."

"Yupo!" akajibu mama mmoja, ambaye aliokolewa na jirani.

"Trekta Lugusi."

"Yupo!"

Akafungua kinywa kwa jina la tatu, na kinywa kikabaki wazi.

Uwanja ulinyamaza. Redio ya Taifa ikarusha ukimya huo nchi nzima. Mheshimiwa akashusha kidole hadi chini ya ukurasa, akaufunua unaofuata, akaufunua mwingine. Akatoa leso.

"Mtoto wa Bi Sikitu," akasema hatimaye. "Mwenye jina la... hicho kitu."

Mwanamke mwenye kitenge cha kijani akainuka katikati ya umati. "Mimi ndiye Sikitu. Sina mtoto anayeitwa Hicho Kitu."

"Tuendelee na jina linalofuata," akasema Mkurugenzi.

"Linalofuata ni lile lile, Mheshimiwa," msajili akamwambia taratibu, "na sheria inataka lisomwe kama lilivyoandikwa."

Bendera ilikuwa juu ya mlingoti, imetulia. Bi Sikitu hakuketi. Upande wa kulia akainuka mwanamke mwingine na mtoto mgongoni, kisha mwingine, kisha safu nzima. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, kama watu wanaongoja treni wanayojua itafika. Jua la saa tano lilikuwa juu ya jukwaa, na miwani ya Mheshimiwa ilikuwa imeanza kuteleza puani. Kwinini alikuwa kando yangu, mikono nyuma. Nikavishika vidole vyake.

"Kwi..." akasema Mkurugenzi.

"Hajasikia!" akasema Bi Sikitu. "Mtoto ni mdogo, Mheshimiwa. Pandisha sauti."

"Kwinini Sefu!"

"Yupo!" Akamwinua juu ya kichwa chake, msichana mwenye meno mawili, aliyekuwa akitafuna ncha ya kitenge.

"Kwinini Mdoe."

"Yupo!"

"Kwinini Lugusi."

"Yupo!"

Walikuwa thelathini na mmoja, wavulana kumi na wawili, wasichana kumi na tisa. Hakuna aliyewapanga. Kila mama, katika nyumba yake, aliulizwa ni nini kilichosimama kati yake na kaburi, naye akasema kweli. Kufika wa kumi Mheshimiwa hakukwama tena. Kufika wa ishirini alikuwa akilitamka vizuri kuliko watu wa redio. Jina ambalo ghorofa tisa zililifuta kwenye simu lilikuwa mbele yake likitambaa, likilia, likinyonya.

Baadaye nilisikia kwamba Idara ilijaribu kumshtaki kwa alichokitamka mbele ya taifa zima. Shtaka lilishindikana, kwa kuwa ilibidi liandikwe alitamka nini. Programu ya mjukuu wangu haijarudishwa Dukani. Hajaiomba.

Lakini siku ile sikuwa nikifikiria Idara. Mzazi wa mwisho alipoitika, askari akaanza kuishusha bendera, na Bi Kandili, aliyekuwa amechomwa sindano yake asubuhi hiyo, akanivuta shati.

"Baba Baiskeli, watu wote wanapiga vigelegele, wewe unaandika nini?"

Nilikuwa nimetoa daftari la stesheni mfukoni na kuangalia saa. Nikamwonyesha mstari nilioandika, kama nilivyouandika kila siku kwa miaka thelathini na minne, gari la mwisho linapopita salama.

*Saa sita na dakika kumi na nane. Wamepita wote. Njia iko wazi.*